Tumbo la maabara linavyofuatilia maziwa anayokunywa mwanao

Mzazi akimnywesha mtoto kikombe cha maziwa hadi kikaisha, huona kazi imekamilika. Mtoto ameshiba, atalala. Lakini si kila kilichopita mdomoni hufika kwenye damu. Kabla ya hapo maziwa hupita kwenye tindikali ya tumbo, nyongo na vimeng'enya, na mwisho hukutana na tabaka jembamba la seli za utumbo ambazo ndizo zinazoamua kipi kipite na kipi kibaki.

Safari hiyo ndiyo inayojibu maswali ambayo akina mama huulizana kila siku kliniki na sokoni. Je, maziwa ya kuchemsha yanapoteza nguvu? Kwa nini mtoto anayekunywa maziwa mengi bado anaambiwa damu yake ni ndogo? Kwa nini mwingine akinywa glasi moja tu tumbo linaunguruma? Na yale maneno yanayoandikwa kwenye makopo, kwamba bidhaa "imethibitishwa maabara", yana maana gani?

Ili kupata majibu, wanasayansi hutengeneza tumbo la bandia ndani ya chupa, humimina maziwa humo, kisha kilichomeng'enywa hukiweka juu ya seli za utumbo wa binadamu zinazokuzwa maabara. Kwa mzazi, ni vizuri kuelewa kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu matokeo yake ndiyo yanayogeuka kuwa ushauri wa lishe na pia kuwa matangazo ya biashara.

Kwa nini wasipime kwa watu?

Jibu fupi ni kwamba kupima ndani ya tumbo la mtu ni kazi ngumu na yenye kero. Lazima mpira upitishwe puani hadi tumboni, na wakati mwingine hadi kwenye utumbo mdogo, kisha majimaji yavutwe kila baada ya muda. Mtu mzima anaweza kukubali. Mtoto mchanga hawezi kuombwa ridhaa, na hakuna mzazi atakayefurahia kuona mwanaye mwenye afya akifanyiwa hivyo ili tu watafiti walinganishe aina kumi za maziwa.

Wazo la kumeng'enya chakula nje ya mwili ni la zamani. Katika karne ya 18, mtafiti wa Italia Lazzaro Spallanzani alitia nyama na majimaji ya tumbo la ndege ndani ya mirija ya kioo, akaibana kwapani ili ipate joto la mwili. Nyama ililainika na kuyeyuka bila kuwa ndani ya tumbo lolote.

Mwaka 1822, katika Kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, na jeraha lilipopona likaacha tundu lililoingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi William Beaumont alilitumia tundu hilo kwa miaka mingi kuchunguza mmeng'enyo. Alichota majimaji ya tumbo, akayatia kwenye chupa zenye chakula, akazipasha joto na kulinganisha na kilichotokea tumboni mwa St. Martin. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Aliona kwamba ndani ya chupa chakula humeng'enywa vilevile, ila taratibu zaidi.

Tumbo la chupa linavyoandaliwa

Kwa miaka mingi kila maabara ilikuwa na mapishi yake. Mmoja alitumia tindikali kali, mwingine hafifu. Mmoja aliacha maziwa kwa nusu saa, mwingine kwa saa tatu. Matokeo hayakuweza kulinganishwa, na mzazi aliyesoma habari mbili zinazopingana kuhusu maziwa hakuwa na namna ya kujua kwamba pengine tofauti ilikuwa kwenye mapishi.

Mwaka 2014 mtandao wa kimataifa wa watafiti uitwao INFOGEST ulichapisha utaratibu mmoja wa pamoja, na mwaka 2019 ukatoa toleo lililoboreshwa. Utaratibu huo unafuata njia ya chakula kwa hatua tatu, zote kwa joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili.

Kwanza ni mdomo, dakika 2. Pili ni tumbo, saa 2, ambapo tindikali huongezwa hadi kipimo chake, pH, kifike 3, pamoja na kimeng'enya cha pepsini kinachokata protini. Tatu ni utumbo mdogo, saa 2 nyingine. Hapo tindikali hupozwa hadi pH 7, kisha huongezwa nyongo na vimeng'enya vya kongosho. Pepsini na vimeng'enya vya kongosho kwa kawaida hutoka kwa nguruwe, na nyongo hutoka kwa ng'ombe au nguruwe.

Huo ni mwili wa mtu mzima. Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Tumbo lake lina tindikali hafifu, vimeng'enya vichache na nyongo kidogo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 watafiti wa Rennes, Ufaransa, walitoa mapishi ya tumbo la mtoto wa siku 28 aliyezaliwa kwa wakati. Tindikali ya tumbo iko kwenye pH 5.3 badala ya 3, pepsini ni chini kidogo ya moja ya saba ya ile ya mtu mzima, nyongo ni takriban theluthi, na kila hatua huchukua dakika 60.

Tofauti hizo si ndogo. Kampuni ikijaribu maziwa ya kopo ya watoto kwenye tumbo la bandia la mtu mzima, protini itaonekana imekatwa vizuri na haraka. Maziwa yaleyale yakiwekwa kwenye tumbo la mtoto wa mwezi mmoja yanaweza kuonyesha picha nyingine kabisa. Swali la kwanza la kuuliza unaposikia "imepimwa maabara" ni hilo: lilikuwa tumbo la nani?

Seli zinazopokea maziwa

Baada ya mmeng'enyo, kinachobaki ni majimaji yenye vipande vya protini, mafuta yaliyovunjwa, sukari na madini. Ili kujua nini kitapita kwenda mwilini, lazima yakutanishwe na seli.

Seli zinazotumika zaidi duniani kwa kazi hii huitwa Caco-2. Zilianza kukuzwa mwaka 1977 huko New York kutokana na uvimbe wa saratani ya utumbo mpana wa mzee wa miaka 72. Seli za saratani huendelea kugawanyika, ndiyo maana maabara nyingi zinaweza kuzitumia kizazi baada ya kizazi. Cha kushangaza ni kwamba, ingawa zilitoka utumbo mpana, zikiachwa zikue hadi zisongamane hubadilika tabia. Baada ya takriban siku 21 hushikana ubavu kwa ubavu, huota vinyweleo vidogo upande wa juu, na huanza kutengeneza baadhi ya vimeng'enya vya utumbo mdogo.

Hukuzwa juu ya utando wenye vitundu vidogo sana, ndani ya kikombe chenye vyumba viwili. Chumba cha juu ni kama ndani ya utumbo, mahali chakula kinapopita. Chumba cha chini ni kama upande wa damu. Mtafiti huweka maziwa yaliyomeng'enywa juu, kisha hupima kilichofika chini. Pia hupitisha umeme hafifu kwenye tabaka hilo. Seli zikiwa zimeshikana vizuri, umeme hupata ukinzani mkubwa. Ukinzani ukishuka, maana yake tabaka limeanza kuachia nafasi.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Vimeng'enya vilivyokata protini ya maziwa havichagui. Vikimwagwa juu ya seli, navyo huanza kuzikata. Nyongo, ambayo kazi yake ni kuyasambaratisha mafuta, huharibu ngozi ya seli kwa sababu nayo imejengwa kwa mafuta. Ndani ya mwili wetu seli hulindwa na ute mzito, na zikiharibika utumbo hutengeneza mpya kila baada ya siku chache. Kwenye kikombe cha maabara hakuna ulinzi huo.

Kwa hiyo watafiti hulazimika kuyatuliza majimaji kwanza. Wengine huyapasha moto ili kuua vimeng'enya, wengine huongeza dawa ya kuvizuia, wengine huyachuja au kuyazimua kwa kiwango kikubwa, na wengine huweka utando wa kuchuja kati ya majimaji na seli. Kila njia ina gharama yake. Moto unaweza kubadili protini ile ile inayochunguzwa, na kuzimua kupita kiasi huacha maziwa kidogo mno kuonyesha chochote.

Utafiti makini hauachi kuwa na chupa ya pili isiyo na maziwa kabisa. Ndani yake kuna tindikali, vimeng'enya na nyongo tu, na hupitishwa hatua zote kama zile za maziwa. Seli zikifa kwenye chupa zote mbili, maziwa hayana hatia. Bila chupa hiyo, mtu anaweza kutangaza kwamba maziwa ya aina fulani "yanaharibu utumbo" kumbe kilichoua seli ni nyongo ya ng'ombe.

Mabichi na yaliyochemshwa

Maziwa ya ng'ombe yana takriban asilimia 87 ya maji. Protini yake ni kati ya asilimia 3 na 4, na sehemu kubwa ya hiyo, karibu asilimia 80, ni kaseini. Kaseini ikikutana na pepsini huganda, kama inavyoganda wakati wa kutengeneza jibini. Ndiyo maana mtoto akicheua baada ya kunywa hutoa mabonge meupe. Si dalili kwamba maziwa yameharibika. Tumbo limefanya kazi yake.

Watafiti wa Taasisi ya Riddet, Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walitumia tumbo la bandia linalojikunja na kuachia kama tumbo halisi kulinganisha maziwa mabichi na yaliyopitishwa kwenye joto kali. Maziwa mabichi yaliganda kuwa bonge gumu lililoshikamana, ambalo pepsini ililikata polepole. Yaliyopashwa moto yaligandia vipande laini vinavyovunjika, na protini yake ikamenyeka haraka zaidi.

Kwa familia inayonunua maziwa ya kupima kwa muuzaji wa mtaani, habari hii inaondoa hofu moja. Kuchemsha hupunguza baadhi ya vitamini, lakini hakuifanyi protini ishindwe kumeng'enywa. Na faida ya kuchemsha ni kubwa, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsha.

Maziwa ya mama yaliyohifadhiwa

Mwaka 2019 Kenya ilifungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Akina mama wenye maziwa ya ziada hukamua na kuyatoa kwa ajili ya watoto wachanga, hasa njiti, ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha kwa wakati huo.

Kwa kawaida maziwa ya benki hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vimelea. Joto hilo pia huua kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa ya mama chenye kazi ya kuvunja mafuta. Maziwa ya mama huja na chakula pamoja na msaada wa kukimeng'enya, jambo lenye uzito kwa mtoto ambaye kongosho lake bado halijakomaa.

Watafiti wa Rennes walilinganisha maziwa ya mama yaliyopashwa na yasiyopashwa, kwanza kwenye tumbo la bandia, kisha kwa watoto njiti ambao tayari walikuwa wakilishwa kwa mpira hospitalini. Ilionekana kwamba kupasha joto hupunguza uvunjwaji wa mafuta tumboni. Hii haina maana kwamba maziwa ya benki hayafai. Maziwa ya mama mwingine yaliyopashwa ndiyo chaguo linalopendekezwa kwa njiti pale ambapo ya mama mzazi hayapatikani. Kinachotafutwa sasa ni njia za kuua vimelea bila kupoteza kimeng'enya hicho.

Maziwa mengi, damu ndogo

Wazazi wengi hushangaa kuambiwa kwamba mtoto anayekunywa maziwa kwa wingi ana upungufu wa damu. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na kalsiamu na kaseini zake huzuia chuma cha vyakula vingine kufyonzwa. Maziwa ya mama nayo yana chuma kidogo, ila hufyonzwa kwa kiwango kikubwa zaidi.

Maabara hupima jambo hili kwa njia ya kuvutia. Seli za Caco-2 zikipokea chuma hutengeneza ghala la kukihifadhi, protini iitwayo feritini. Mtafiti humeng'enya chakula, hukiweka juu ya seli, kisha hupima feritini. Njia hiyo, iliyochapishwa na watafiti wa Ithaca, New York, mwaka 1998, imetumika kuchunguza vyakula vingi, yakiwemo maharage yaliyoboreshwa ili yawe na chuma kingi.

Lakini maharage hayo hayakuishia kwenye vikombe. Huko Huye, Rwanda, wanawake 195 wa chuo kikuu waliokuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini waligawanywa, wengine wakala maharage yaliyoboreshwa na wengine ya kawaida kwa siku 128. Waliokula yaliyoboreshwa waliongezeka damu na akiba ya chuma. Seli zilisaidia kuchagua kipi kinafaa kujaribiwa. Uthibitisho ulitoka kwa watu.

Sukari inayounguruma tumboni

Kuna sehemu moja ya maziwa ambayo tumbo la chupa haliwezi kuimeng'enya peke yake. Ni laktosi, sukari ya maziwa. Kimeng'enya chake, laktasi, hakipo kwenye tindikali wala kwenye kongosho. Kimeshikamana na vinyweleo vya seli za utumbo. Utafiti usiotumia seli, au usioongeza laktasi, hauwezi kusema lolote kuhusu gesi na kuharisha kunakosababishwa na maziwa.

Karibu kila mtoto huzaliwa na laktasi ya kutosha. Kwa watu wengi duniani hupungua ukubwani. Kwa wengine haipungui, hasa katika jamii zilizofuga na kunywa maziwa kwa vizazi vingi. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walinyweshwa laktosi, kisha sukari ya damu ikapimwa. Iligunduliwa kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao la vinasaba linaloifanya laktasi iendelee, tofauti na lile la Wazungu. Ili kuthibitisha kwamba badiliko hilo kweli huongeza kazi ya kinasaba cha laktasi, lilijaribiwa ndani ya seli za Caco-2.

Kwa hiyo mtu mzima anayejaa gesi baada ya kunywa maziwa fresh si mgonjwa wala si mwenye madeko. Wengi wao huvumilia mtindi, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Kwa mtoto mchanga habari ni tofauti. Kukosa laktasi tangu kuzaliwa ni nadra mno, na mama hapaswi kuambiwa aache kunyonyesha kwa sababu tu mtoto ana gesi. Mtoto aliyetoka kuharisha sana anaweza kupungukiwa laktasi kwa muda, na laktasi hurudi utumbo unapopona.

Kisichopimwa na chupa

Caco-2 hazitoi ute wa kutosha, hivyo baadhi ya watafiti huzichanganya na seli nyingine ziitwazo HT29-MTX zinazotoa ute. Hazina mishipa ya damu, kinga ya mwili, wala mabilioni ya bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wa mtoto. Tangu mwaka 2009, watafiti wamejifunza kukuza vijiutumbo vidogo kutokana na seli mama za utumbo, wakianza na panya na baadaye binadamu. Hivyo vinakaribia zaidi uhalisia, ingawa ni ghali.

Hii ndiyo sababu maneno "imethibitishwa maabara" kwenye kopo hayatoshi. Seli kupokea kirutubisho hakumaanishi mtoto atanenepa au ataongezeka damu. Mzazi ana haki ya kumuuliza muuzaji au mhudumu wa afya: ilipimwa kwenye tumbo la mtu mzima au la mtoto? Baadaye ilijaribiwa kwa watoto? Ililinganishwa na nini? Muuzaji asiyejua majibu asikufanye utoe fedha za uji na mboga za familia kununulia kopo.

Mzazi afanye nini

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha endelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Baada ya miezi sita mpe vyakula vyenye chuma, kama nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na matunda yenye vitamini C yanayosaidia chuma kufyonzwa. Usiyafanye maziwa ya ng'ombe kuwa mbadala wa mlo, na usimpe mtoto chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia chuma kwa nguvu kubwa.

Ukiona mtoto amepauka viganja na midomo, anachoka haraka, haongezeki uzito, anaharisha bila kukoma au ana damu kwenye choo, usianze kubadilisha maziwa kwa kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya apimwe damu na uzito, ukiwa na kadi yake ya kliniki, na mweleze mhudumu kwa siku anakunywa vikombe vingapi vya maziwa na anakula nini kingine.